Tumbo Dogo, Uji Mzito

Kwetu Njombe, ukifika mwezi wa saba, mahindi hukaribishwa hadi sebuleni. Magunia hupangwa ukutani, mengine hukaa darini jikoni yapate moshi, na usiku unasikia malori yakiteremka kutoka Makambako kuelekea Dar es Salaam. Nyanda za Juu Kusini ndilo ghala la nchi. Nimekua nikiamini, kama watoto wengi wa kule, kwamba palipo na mahindi hapana njaa.

Kisha yakatoka matokeo ya utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022. Mkoa ulioongoza kwa watoto waliodumaa ni Iringa, karibu watoto 57 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano. Njombe na Rukwa zinafuata, kila moja ikiwa na karibu nusu ya watoto wake. Kwa Tanzania nzima ni watoto 30 kati ya 100. Yaani wanaotulisha sote ndio wenye watoto ambao kimo chao hakiendani na umri. Takwimu hizo zilinikaa moyoni, kwanza kama mtu wa kule, halafu kama mama mwenye mtoto aliyekuwa anakaribia kuanza kula.

Udumavu una mizizi mingi. Kuna mama anayelima hadi wiki ya mwisho ya ujauzito, kuna mtoto anayeachwa na dada yake mdogo tangu asubuhi hadi jioni, kuna maji machafu, kuhara kusikokwisha na uzazi wa karibu karibu. Sufuria ya uji haiwezi kubeba lawama za yote hayo, wala haiwezi kuyatibu yote. Lakini sufuria iko jikoni kwetu leo, hatuhitaji kumsubiri mtu. Na ninachoamini kuhusu uji wanaopewa watoto wetu ni hiki: mahindi hayana kosa, tatizo ni maji.

Hebu tupige hesabu, maana hesabu hii ndiyo iliyonibadilisha namna ya kukoroga. Mtoto wa miezi sita hadi minane anayenyonya vizuri anahitaji takriban kilokalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula, zilizobaki anazipata kwa mama. Tumbo lake linachukua kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mtoto wa kilo nane akijaa sana amekunywa mililita 240, pungufu ya robo lita. Sasa chukua uji mwepesi tuliouzoea, ule unaomiminika kama chai ya maziwa. Mara nyingi ni gramu 50 hivi za unga kwenye lita nzima ya maji, nao una kilokalori kama 180. Ili apate 200 zake, mtoto huyo ingempasa anywe zaidi ya lita moja kwa siku. Hawezi. Na akijitahidi, tumbo limejaa maji na ziwa analikataa. Ndiyo maana unamkuta mtoto ana kitambi, ameshiba kabisa kwa macho, na kadi ya kliniki inaonyesha mstari umelala miezi mitatu mfululizo.

Pika sasa uji wenye gramu 150 za unga kwa lita. Nusu kikombe tu, mililita 125, ina karibu kilokalori 65. Ongeza kijiko kimoja cha chai cha mafuta, hapo umeongeza 40 na zaidi. Akila hivyo mara mbili kwa siku amefika anapotakiwa kufika, bado ana nafasi ya kunyonya, na hujamlazimisha chochote. Unga ule ule, mtoto yule yule.

Swali la kwanza la mama yeyote hapo ni kwamba uji huo utakuwa mzito mno, mtoto wa miezi sita ataumezaje? Nitalijibu, maana jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala haya. Lakini nianze na umri, kwa sababu uji mwepesi hausubiri mtoto afikishe miezi sita. Mara nyingi huanza akiwa na mitatu.

Ninajua unavyoanza. Mtoto analia usiku, majirani wanasema maziwa hayatoshi, na mama mwenyewe amechoka. Kwa walioajiriwa kuna jambo jingine: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84, na siku 100 kwa aliyejifungua pacha. Siku 84 hazifiki hata miezi mitatu. Sheria hiyo hiyo inampa mama muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili katika saa za kazi, lakini mfanyakazi wa dukani Kariakoo anayeishi Chanika saa mbili hizo zinamsaidia nini, ikiwa daladala peke yake inazimaliza? Mama huyo simlaumu. Ningependa tu ajue kwamba maziwa yanaweza kukamuliwa kwa mkono kwenye kikombe kilichochemshwa, yakawekwa kwenye friji, na mtoto akanyweshwa kwa kikombe kidogo au kijiko mama akiwa hayupo. Kabla ya miezi sita, uji unachukua nafasi ya kitu bora kuliko wenyewe, na unaingiza vijidudu kwenye utumbo ambao haujakomaa.

Nyumbani kwangu mazungumzo hayo niliyafanya na mama mkwe. Alikuja kutoka Songea kunisaidia, mwanamke mwenye upendo mwingi ambaye amelea watoto wake na wa wenzake. Siku moja, mtoto akiwa na miezi minne, akaniambia, "Mama Tumaini, huyu mtoto anaangalia midomo yetu tukila. Mpe hata kauji kepesi kakunjue utumbo."

Nikamwambia, "Mama, nimekusikia. Naomba tumsubirie afikishe miezi sita, halafu uji wake wa kwanza upike wewe."

Alinyamaza kidogo, akauliza, "Nipike wa namna gani?"

"Wa kimea, Mama. Kama ule mnaofanyia togwa kwenu."

Akacheka, akapiga makofi. Tangu siku hiyo hakusema tena habari ya kauji kepesi. Alianza kutafuta ulezi mzuri.

Na hapo ndipo lilipo jibu la uji mzito. Wanga wa mahindi ukipikwa hufura na kushika maji, ndiyo sababu vijiko vichache vya unga vinafanya sufuria nzima iwe nzito. Mama anaona uzito, anaongeza maji, na kila kikombe cha maji kinakipunguzia chakula nguvu. Nafaka inapoota, kwa upande wake, hutengeneza vimeng'enya vinavyoukatakata wanga ili mche upate chakula. Ukichukua kimea, yaani unga wa nafaka iliyoota, kiasi cha kijiko cha chai tu, ukaukoroga ndani ya uji mzito uliopoa kidogo, vimeng'enya hivyo vinaanza kazi mbele ya macho yako. Uji uliokuwa unasimamisha mwiko unalainika, unateleza, na hujaongeza hata tone la maji. Nguvu yote imebaki mle mle.

Wanawake wa kusini wanalijua hili tangu zamani kwa sababu ya togwa na kwa sababu ya komoni, pombe yao ya kienyeji. Kimea kilikuwa jikoni kwao kabla ya mtaalamu yeyote kufika. Kazi ya wataalamu ilikuwa kueleza sababu na kuwarudishia watoto. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1973, ndiyo iliyolifanyia kazi jambo hili. Mtafiti wake A. C. Mosha, akishirikiana na Ulf Svanberg wa Sweden, alichapisha mwaka 1983 matokeo ya kupika vyakula vya watoto kwa unga wa nafaka zilizooteshwa. Mwaka huo huo ndipo mpango wa lishe wa Iringa ulipoanza, ukiungwa mkono na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za serikali ya Italia, katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini kwao, na wanakijiji wenyewe wakajadili matokeo. Utapiamlo mkali ulipungua sana katika miaka ile. Inaniuma kwamba mkoa uliokuwa mfano wa kusomwa duniani ndio ule ule unaoongoza leo kwa udumavu, na kwamba binti wa miaka 22 wa Mufindi anaweza kuwa hajawahi kusikia kwamba kimea kinaweza kuwekwa kwenye uji wa mtoto. Anakijua cha pombe tu.

Namna ya kukitengeneza ni rahisi, inataka subira tu. Chagua ulezi safi, uoshe mara kadhaa mchanga utoke, uloweke usiku kucha. Asubuhi umwage maji, utandaze ulezi kwenye kitambaa safi chenye unyevunyevu, uufunike, na uwe unaunyunyizia maji safi. Dar es Salaam kwa joto letu siku mbili zinatosha, Njombe wakati wa baridi inaweza kuchukua nne au tano. Ukiona vichipukizi vyeupe vimetoka, anika juani kwenye turubai safi hadi ukauke kabisa, usugue kwa viganja vichipukizi vitoke, upepete, kisha upeleke mashineni au utwange. Ukiona ukungu wa rangi yoyote katika siku zile za kuotesha, mwaga wote. Ulezi ni bora kuliko mtama kwa kazi hii, kwa sababu vichipukizi vya mtama vinapoota vina sumu ya asili, na asiyeviondoa vizuri anamweka mtoto hatarini.

Kwenye kupika, koroga unga na maji baridi kwanza ili usifanye mabonge, uweke motoni, uendelee kukoroga hadi uchemke na kuiva, dakika 15 hadi 20 kwa moto mdogo. Ushushe. Subiri upungue moto, kwa kuwa uji unaotokota unaviua vimeng'enya kabla havijafanya lolote. Tia kijiko cha kimea, koroga, uone unavyolegea. Kisha urudishe jikoni uchemke tena dakika chache. Hatua hii ya mwisho wengi wanairuka, nami nasisitiza isirukwe, kwa sababu unga wa kimea umekaa na unyevu siku kadhaa na vijidudu vinapenda mahali hapo.

Asiye na kimea asikate tamaa. Pika uji mzito, ule ambao ukiinamisha kijiko hauanguki kwa haraka, uulainishe kwa maziwa ya mama yaliyokamuliwa au maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa badala ya maji. Mtoto anayeanza anahitaji vijiko viwili vitatu vya chakula kwa mlo, si bakuli. Ataukunja uso, atautoa kwa ulimi, atakuangalia kwa mshangao. Mpe tena kesho.

Togwa nayo ina siri yake. Mama mkwe wangu hupika uji wa mahindi, akaupoza, akautia kimea na kuuacha usiku ukichachuka kidogo. Uchachu ule ni asidi inayozuia vijidudu vingi vya kuhara visistawi, na uchachushaji unapunguza vile vitu vilivyomo kwenye nafaka vinavyoshika madini ya chuma na zinki yasifyonzwe mwilini. Kenya wanao uji wao mchachu wa wimbi, yaani ulezi, Ghana wana koko, Nigeria wana ogi. Akina bibi wa nchi tofauti, wasiojuana, walifika mahali pamoja. Kwa mtoto aliyefikisha miezi sita togwa iwe ya siku moja tu, tamu bado, na imetengenezwa kwa maji yaliyochemshwa.

Mahindi yenyewe ni mgeni kwetu. Yalitoka Amerika, yakafika pwani zetu baada ya Wareno, na yakasukuma pembeni ulezi, mtama na uwele tuliokuwa tunaukorogea watoto. Ugeni huo si dhambi, ila kuna tulichopoteza. Gramu 100 za ulezi zina miligramu kama 340 za kalsiamu, mahindi hayafikishi hata sehemu ya kumi ya hizo. Na protini ya mahindi ina upungufu: asidi amino mbili ambazo mwili wa mtoto hauwezi kujitengenezea, laisini na triptofani, ni chache mno ndani yake.

Upungufu huo ulimfanya daktari mmoja mwanamke aandike jambo lililobadilisha tiba ya watoto. Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alikuwa akifanya kazi Ghana, wakati huo ikiitwa Gold Coast. Mwaka 1933 alieleza ugonjwa aliouona kwa watoto walioachishwa ziwa na kulishwa chakula cha mahindi karibu peke yake: miguu inavimba, ngozi inababuka, nywele zinageuka rangi, mtoto hataki kucheza wala kuguswa. Aliwasikiliza akina mama wa Accra, akachukua jina walilouita wao, kwashiakoo, na mwaka 1935 jina hilo likaingia katika majarida ya kitabibu hadi leo. Wenzake wengi walimbishia. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba ugonjwa ule una mambo mengi zaidi ya protini, lakini alichokiona kwa macho yake kilikuwa kweli: mtoto anaondolewa kwenye ziwa kwa sababu mdogo wake amekuja, na anachopewa badala yake ni uji mtupu.

Kwetu mtoto huyo huyo tunasema amebemendwa, yaani ameharibiwa na wazazi waliokutana kimwili angali ananyonya. Tunaangalia miguu iliyovimba, tunamwangalia mama, tunaanza kuuliza maswali ya chumbani. Mama anaona aibu, anamfunika mtoto kwa kanga, haendi kliniki, na mtoto anapelekwa kwa mganga. Ninawaomba wanaosoma hapa, hasa shangazi na mama wakwe wanaosikilizwa nyumbani, waliache neno hilo. Mtoto aliyevimba ni mgonjwa wa kulazwa, na kila siku inayopita inahesabika. Mama yake anahitaji mtu wa kumsindikiza.

Kujaza pengo la mahindi hakuhitaji pesa nyingi. Maharage yana laisini nyingi, kwa hiyo yale yaliyochemshwa yakaiva sana, yakapondwa na kuchujwa maganda, yakiingia kwenye uji yanakamilisha kile mahindi yalichokosa. Dagaa wa Ziwa Viktoria au wa Kigoma wakiondolewa vichwa, wakaoshwa, wakakaangwa bila mafuta na kusagwa wawe unga laini, kijiko kimoja kinatosha mlo. Yai lililoiva vizuri linapondwa ndani ya uji. Maini ya kuku, kipande kidogo, yanasagwa. Hapo ndipo penye madini ya chuma, na hili nalikazia kuliko yote: akiba ya chuma ambayo mtoto alizaliwa nayo inakaribia kwisha akifika miezi sita, na maziwa ya mama hayana chuma cha kutosha kumvusha. Uji wa mahindi peke yake haumvushi. Ukiusindikiza kwa tunda lenye vitamini C, kipande cha chungwa, papai au maji ya ubuyu uliolowekwa kwenye maji safi, chuma cha kwenye nafaka na maharage kinafyonzwa vizuri zaidi. Chai inafanya kinyume chake. Usimpe mtoto chai, hata ya rangi, hata kidogo.

Parachichi la kwetu Njombe linasafirishwa Ulaya kwenye makontena huku mtoto wa mkulima akinywa uji wa chumvi. Lipondwe robo lake kwenye bakuli ya uji. Lina mafuta yanayotakiwa, halihitaji kupikwa, na liko shambani. Kigoma wana mawese, mekundu, yenye vitamini A. Kila mahali pana kitu. Sukari na chumvi viache hadi mtoto apite mwaka mmoja, na asali usimpe kabisa kabla ya mwaka, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu ambavyo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuvishinda.

Sasa nije kwenye uji wa lishe unaouzwa madukani na masokoni, ule mfuko ulioandikwa nafaka saba, kumi, hata kumi na mbili. Mama ananunua akiamini wingi ndio ubora. Mimi siupendi, na nitasema sababu. Mahindi, mchele, ngano, mtama na ulezi vyote ni kundi moja la chakula, kuvichanganya vitano hakukupi zaidi ya kuchanganya viwili. Soya iliyosagwa ikiwa mbichi ina vitu vinavyozuia protini isimeng'enywe, na haiivi kwa muda ule ambao unga wa mchele unaiva, hivyo ama unaunguza kimoja ama unabakiza kingine kibichi. Karanga zikisagwa na nafaka, mafuta yake yanaanza kuchacha ndani ya mfuko, unasikia harufu ile ya uchungu baada ya wiki chache. Halafu kuna sumukuvu.

Sumukuvu inatengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga ambazo hazikukauka vizuri au zimeguswa na wadudu. Haina ladha, haionekani kwenye unga, na kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2004, Ukambani nchini Kenya, watu 125 walikufa baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 ilitufikia sisi, Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 wakapoteza maisha. Hivyo ni vifo vya ghafla. Kidogo kidogo cha kila siku hakipigi kelele, lakini kinaumiza ini, kinahusishwa na saratani yake, na kwa mtoto kinahusishwa pia na ukuaji hafifu. Mtoto anayekula uji wa mahindi na karanga mara tatu kwa siku anapata dozi kubwa kuliko mtu mzima, ukilinganisha na uzito wake.

Kwa hiyo mahindi ya mtoto nayachagua mwenyewe kwenye ungo, punje kwa punje. Iliyovunjika, yenye tundu, iliyobadilika rangi au iliyosinyaa inatoka, na haiendi kwa kuku pia. Ukitaka kujua kama mahindi uliyonunua yamekauka, chukua chupa kavu ya kioo, weka punje hadi robo, tia kijiko cha chumvi kavu, tikisa vizuri, uache kama dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, yarudi juani, na yaanikwe kwenye turubai, si juu ya udongo. Kuhusu dona na sembe, watu wanagombana sana. Dona ina vitamini na madini zaidi, ila sumukuvu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini ambavyo kukoboa kunaviondoa. Mahindi ninayoyajua yalikotoka na niliyoyachagua mimi nasaga dona. Ya kununua dukani nachukua sembe iliyoongezewa virutubishi, nasoma mfuko kwanza.

Karanga na soya nazitengeneza pembeni. Karanga nzuri, zimechaguliwa, zimekaangwa, zimesagwa kidogo kidogo za wiki moja, na kijiko kinaingia kwenye uji unapokaribia kuiva. Punje nzima asipewe mtoto mdogo, zinapalia.

Lipo jambo linaloharibu hata uji mzuri, nalo ni chombo. Chupa ya kunyonyea iliyopanuliwa tundu kwa sindano ya moto ili uji upite: nimeiona kwenye nyumba nyingi, na ndiyo inayomlazimisha mama aufanye uji mwepesi. Kile kitundu hakisafishiki. Kikombe na kijiko vinaoshwa kwa dakika moja, na mtoto anajifunza kutafuna na kumeza. Nyingine ni chupa ya chai. Dada wa kazi anapikiwa uji saa kumi na mbili asubuhi, unawekwa kwenye chupa, mtoto analishwa hadi saa tisa alasiri. Uji vuguvugu wenye maziwa ndipo vijidudu vinapozaliana kwa kasi. Uji uliokaa nje ya friji zaidi ya muda wa saa mbili asipewe mtoto. Mwachie dada unga uliopimwa kwenye vikopo vidogo na mfundishe kupika kidogo kila mlo. Na mkae mmpongeze, maana anayemlisha mtoto wako mchana ndiye anayemkuza.

Mtoto akiugua, endelea kunyonyesha na kumlisha kidogo kidogo mara nyingi, uji uliolainishwa kwa kimea unapita vizuri kooni hata akiwa na homa. Akipona muongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili hivi, kurudisha kilichopotea. Asilazimishwe wakati wowote. Nimeona mtoto akibanwa pua ili afungue mdomo, na uji unaweza kuingia kwenye mapafu.

Akifika miezi minane, uji usiwe peke yake tena. Kiazi kitamu kilichopondwa kinakaa mkononi mwake, ndizi, boga, wali mlaini na mchicha. Milo inafika mitatu, minne, na ziwa linaendelea hadi miaka miwili. Akitimiza mwaka anakula tunachokula sote, ugali laini na mboga bila pilipili. Hapo nina ombi moja kwa nyumba zinazokula kwenye sinia kama zetu: mpe sahani yake. Kwenye sinia mikono ya kaka zake ina kasi, yeye anashika tonge moja wenzake wakiwa kwenye la tano, na wewe huwezi kujua amekula kiasi gani. Kwenye sahani yake unaona kilichobaki.